Aliyembebea Tekla Mzigo

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, pale Kigwa, wakati wa Mwingereza, tena jua likiwa bado halijazama. Sikuwa nimekunywa pombe wala sikuwa na homa. Nilikuwa na wivu tu.

Mke wangu Tekla alisomeshwa na masista. Mimi niliishia darasa la pili, nikashika randa nikawa seremala. Miezi michache baada ya harusi yetu, mwalimu mmoja wa misheni alimwazima kitabu cha hadithi ya Ulaya kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Ndani yake alikuwamo bwana mmoja mpanda farasi, hodari wa upanga, anayefunika uso kwa barakoa nyeusi asijulikane, akiwatetea wanyonge na kuwaaibisha wakubwa. Akiruka ukuta, anaangukia juu ya farasi. Akipigana na watu sita, kofia haimdondoki. Tekla alinisomea kila jioni kabla ya chakula, na mwanzoni nilifurahi. Nikamtania kwamba barakoa tumezoea kuiona mjini Tabora kwa wake wa Waarabu, sasa huyu ni mwanamume wa namna gani? Hakucheka.

Ndipo nikaanza kumtazama yeye badala ya kusikiliza. Akifika mahali bwana yule anaposema na mpenzi wake, sauti ya Tekla ilishuka na macho yakang'aa. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo hata siku moja. Kisha nikamkuta anasoma peke yake, mboga inaungua jikoni, na aliponiona akakifunga kitabu haraka. Niambie wewe, mke anafunga kitabu haraka kwa nini?

Ndiyo, nilimwonea wivu mtu wa kwenye karatasi, hadi nikawa sili vizuri. Nikaamua kwamba kama barakoa ndiyo inayompendeza, basi ataiona barakoa. Kila Jumamosi Tekla alikwenda kumsalimu mama yake upande wa Rubuga, akarudi jua likielekea kuchwa kwa ile njia ya zamani ya misafara, amejitwika kikapu cha michembe, viazi vyetu vikavu. Ningemrukia njiani nimefunika uso, nimtolee maneno ya kitabuni, aone kwamba bwana wake yuko hapa hapa Kigwa.

Kitambaa cheusi sikuwa nacho. Lakini chumbani kwa mama ilikuwapo kaniki ya babu yangu mzaa mama. Babu alikuwa mpagazi, ameshuka pwani na kurudi mara nyingi, na alipokufa mama aliitunza nguo ile kwa ajili ya matambiko yake. Kanisani tulikwenda, ila kaniki haikuguswa na mtu. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda Ziba kwa dada yake. Nikachukua mkasi, nikakata kipande, nikatoboa matundu mawili ya macho. Nilijiambia mzee hatapungukiwa na kitu.

Nikajificha nyuma ya kichuguu kando ya njia, nikaifunga barakoa kisogoni kwa mafundo mawili. Haukupita muda nikasikia kicheko cha Tekla. Nikachungulia.

Hakuwa peke yake. Alikuwa akitembea na mwanamume mwenye barakoa nyeusi, amevaa shati langu la kaki, lile lile nililokuwa nimevaa, na kwenye kiwiko kiraka kile kile alichonishonea Tekla. Tena alikuwa amembebea kikapu. Elewa kwamba kwetu enzi hizo, mwanamume kumbebea mkewe mzigo njiani ilikuwa aibu ya kuchekwa mwezi mzima. Yule hakujali. Alikiweka bega la kushoto, akakiegemeza kwa fimbo iliyopita juu ya bega la kulia, namna wazee wa misafara walivyogawanya uzito. Nikajigusa uso. Ulikuwa mtupu, na kisogoni hapakuwa na fundo lolote.

Utadhani niliogopa. Hofu ilikuja baadaye, niamini. Kwanza wivu ulinikaba, kwa sababu yule mtu alikuwa akimsimulia kitu, na Tekla alikuwa akimtazama kwa macho yale ya kitabuni. Walinipita hatua tano tu. Mwanamume akanigeukia, na kwenye matundu ya barakoa sikuona macho, niliona majani ya upande wa pili wa njia. Akaweka kidole mahali pa mdomo. Nami, mume mzima, nikanyamaza.

Nilipopata nguvu nikawafuata. Wao walitembea, mimi nilikimbia, na sikuwafikia. Nyumbani nilimkuta Tekla ameketi peke yake kizingitini, na juu ya kikapu kipo kipande changu cha kaniki, kimelowa jasho.

"Umepitia wapi tena?" akaniuliza. "Si umeingia uani sasa hivi kunawa?"

"Tekla, aliyekubebea mzigo si mimi."

Alicheka. Niliporudia, kicheko kikamwisha. "Umenihesabia kambi zote za babu yako mpaka Bagamoyo, umenishika mkono pale penye korongo ninapoogopa. Tangu unioe, hilo ndilo jambo zuri kuliko yote uliyonitendea. Nalo unalikana?"

Mama aliporudi akaona nguo imekatwa, hata shikamoo yangu hakuiitikia. Nilipomweleza, akaketi chini. "Ulipokuwa mdogo babu yako alikuwa akikutania nini?" akaniuliza. Nikakumbuka. Kama mababu wote na wajukuu zao, alikuwa akiniita mpinzani wake. Alisema nikioa, mke ni wetu sote, na jioni moja atamtembeza njia yake. Mimi nililia kwa wivu, yeye akacheka mpaka akakohoa. "Basi umemvalia nguo yake ukaenda kumngojea mkeo kwenye njia yake," mama akasema. "Umemwita mwenyewe."

Mama alikishona kipande mahali pake, akamtambikia mzee kwa unga wa mtama na maji. Mzee hakurudi tena, na hilo ndilo lililonimaliza. Tekla alirudisha kitabu hata hajakimaliza, akasema mwanamume wa namna ile yeye amekwisha kumwona. Mimi nikaanza kumbebea mizigo, watu wakanicheka wakachoka. Nikajifunza majina ya kambi kwa wazee nikamsimulia. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Siku ile ulisimulia vizuri zaidi."

Tulizaa watoto watano, tukazeeka. Siku zake za mwisho alinishika mkono. "Mwenzangu, asante kwa jioni ile," alisema. "Ulinikasirisha mara nyingi. Nilikuwa nikiikumbuka, nabaki nawe." Ningeweza kumwambia ukweli kwa mara ya mwisho. Nikamjibu, "Usijali, Tekla, mzigo ule haukuwa mzito." Akatabasamu, na sijui mpaka leo alikuwa akimtabasamia nani.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mkeo akimpenda mtu wa hadithi, mwache ampende, kitabu kina mwisho. Usijifiche uso ili akupende, maana wapo wanaongojea nafasi hiyo, na wanajua kupenda kuliko wewe. Mke wangu nimeishi naye maisha yote, na siku aliyonipenda kweli sikuwapo.