Rangi ya Choo cha Babu

Siku ile nilikamulia nyongo ya mbuzi kwenye mchuzi wa babu, mwanangu, nikacheka mpaka nikagaagaa chini. Usinitazame hivyo nikikuita mwanangu. Najua bado niko darasa la sita na ndevu zangu zahesabika, lakini nasaha hazingoji mvi.

Kwetu Tinde babu ni mtani wa mjukuu; ruhusa ninayo tangu kuzaliwa. Alionja, akakunja uso. "Mume mwenzangu, unaniua ili umrithi bibi yako?"

"Bibi mwenyewe amechoka kusubiri."

Tukacheka wote. Siku chache baadaye macho yake yakawa manjano kama kiini cha yai. Akajikuna mpaka damu, na maumivu ya chini ya mbavu yakamkunja. Kicheko kikanikauka. Nilijua nimemuua.

Mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda porini kujisaidia. Nikaona choo chake kimekuwa cheupe kama majivu, mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Nikanyamaza. Ningesema, wangeuliza mengine, na mchuzi ungetajwa. Ndugu wakamnywesha samli apate nguvu, akatapika, akazidiwa.

Mama akampakia kwenye lori la pamba hadi hospitali ya misheni. Daktari akambonyeza tumbo, akauliza, "Choo chake kina rangi gani?"

Babu akageukia ukuta. Mama akainamisha macho. Binti hatamki habari za choo cha baba yake.

"Semeni! Kama njia ya nyongo imeziba, nampasua leo. Kama sivyo, nitampasua bure afie mezani."

Babu anahema kwa shida. Pale ndani mwenye ruhusa ya kutamka alikuwa mtani peke yake, na mtani ni mimi.

"Cheupe kama majivu, daktari. Tangu wiki iliyopita. Nadhani ni mimi. Nilimtilia nyongo ya mbuzi kwenye mchuzi."

Mama akageuka kunitazama.

"Ya mbuzi ilishapita," daktari akasema. "Hii ni yake mwenyewe. Nyongo ina asidi zinazoyeyusha mafuta tumboni kama sabuni, na ndiyo inayokipa choo rangi. Jiwe likiziba njia, inarudi kwenye damu: macho manjano, ngozi inawasha. Na hiyo samli mliyompa, iyeyushwe na nini?"

Babu akanong'ona, "Mume mwenzangu, umenivua nguo mbele ya binti yangu."

"Utavaa ukipona," nikajibu.

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Kivuli cha ukuta kilihama, mama hakunisemesha. Mwishowe daktari akatoka na kijiwe kiganjani, kidogo kama punje ya mtama. "Anapumua," akasema.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Tania, hata wazee wanapenda, wanajifanya tu. Lakini ukiona macho ya mtu yamekuwa manjano na choo kimepauka, sema siku hiyo hiyo, hata kama maneno yatakupaka uchafu wewe mwenyewe. Mungu akupe nyongo inayojua njia yake, na mdomo usioona haya panapohusu uhai wa mtu.

Siku ile nilimgeuzia mama mgongo anichape. Hakuinua mkono. Alisema, "Baba angekufa nisingekupiga. Ningekunyamazia maisha yangu yote, kama ulivyoninyamazia."