Mkono wa Fundi Ulikuwa Mfukoni

Juzi, mjini Karatu, nilikwenda kuchukua pikipiki yangu iliyozibwa pancha. Nikamkuta mfugaji wa Soitsambu akikabidhiwa yake. Fundi alikuwa amemfungia swichi za redio kwenye usukani.

"Bonyeza ya juu, mzee wangu," fundi alisema, mkono mmoja mfukoni. Sauti ikapanda. "Sasa ya chini." Ikashuka. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mzee alikuwa akiutazama ule mfuko. "Mnadani ng'ombe tunamtembeza kwanza, ndipo tunalipa," akamwambia fundi. "Mwezi uliopita niliachia usukani nipunguze sauti, nikaingia korongoni na mke wangu. Wewe baki hapa."

Akaondoka na muziki wake mpaka kona ya mbali. Tukamwona akibonyeza, akibonyeza tena. Muziki haukushuka hata kidogo. Akarudi taratibu, akazima injini.

"Fundi, toa mkono."

Ukatoka na rimoti.

"Waya za swichi ningezimalizia kesho, mzee."

"Sawa. Kesho utapanda nyuma yangu, pale alipokaa mke wangu."

Nina shahada, lakini macho yangu yote yalikuwa kwenye swichi. Kabla ya kuondoka niliinama nikapaka mate kwenye tairi langu, nione kama bado linavuja upepo.