Viti Vilivyotazama Mlango

Fundi wa soko la Gikomba aliyeniletea makochi mapya hapa mtaani Lucky Summer alisimama katikati ya sebule yangu, akazitazama kuta, kisha akauliza jambo moja tu: "Madam, TV itakaa upande gani?"

Nikamuuliza TV inahusianaje na makochi. Akanionea huruma. "Si kila kitu hufuata TV? Wewe nionyeshe mahali pake, zingine niachie."

Nilimwambia asubiri kidogo. Ilibidi, kwa sababu hapo hapo kimawazo nilikuwa nimerudi kwenye sebule nyingine, ya utotoni.

Tuliishi katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zile za mawe zenye vigae vyekundu. Chumba kilikuwa kimoja, na pazia la maua lilikigawa: huku kitanda, huku sebule. Jiko lilikuwa nje, la kushirikiana na majirani. Baba alikuwa amefariki, na Mama alitulea kwa kazi ya kiwandani. Jumamosi alipaka sakafu polishi nyekundu, nasi tukaisugua tukiwa tumepiga magoti huku redio ya jirani ikitupigia rumba bure. Vitambaa vya kochi alivifuma mwenyewe, akavitia wanga hadi vikasimama kama karatasi.

Mwaka ambao dada yangu alipata mchumba, kijana karani kutoka Ukambani, wazazi wake walituma habari kwamba wangekuja kujitambulisha. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa na nyumba kubwa katika mtaa mwingine, sebule yake ikiwa na meza ya kulia pembeni. Alikuja akasimama mlangoni petu, akapima chumba kwa macho.

"Shemeji, hapa wakwe watakaliana mapajani. Tuwapeleke kwangu."

Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa akiupeta. "Mtoto wangu ataposwa katika nyumba aliyolelewa."

Wakakubaliana hivi: ziara hiyo ya kwanza ingefanyika kwetu. Ikienda kombo, mazungumzo yote yaliyobaki, hadi harusi yenyewe, yangehamia kwa baba mkubwa, na Mama angekuwa mgeni katika posa ya binti yake.

Ugumu haukuwa nafasi peke yake. Nyanya alifika kutoka Magharibi na kuku wawili na sheria moja: mama mkwe na mkwe hawakai wakitazamana. "Hawa si watu wa kucheza drafti," alisema. Kumbe Ukambani nao walikuwa na heshima hiyo hiyo. Katika chumba chenye mlango mmoja, utawaweka wapi? Baba mkubwa alishauri Mama akae nyuma ya pazia. Mama akacheka kicheko kikavu. "Nijifiche nyumbani kwangu nimeiba nini?"

Basi tukafanya mazoezi. Kitanda kilihamia kwa jirani, pazia likafungwa ukutani. Viti vikaazimwa kwa majirani wa ploti nzima, kila kimoja kikiwa na alama ya rangi chini ya kikalio, ili kijulikane kwao. Watoto wote tukawa wakwe. Rafiki yangu aliyepewa nafasi ya baba mzazi wa kijana alivimbisha tumbo na kudai, "Sisi hatuongei bila soda!"

"Mkwe, funga mdomo ukae wima," Mama akamjibu, naye akiwa amefinya midomo asicheke.

Alitupanga, akatupangua, akarudi nyuma hadi mlangoni kutazama. Hatimaye akapata jibu. Yeye na kijana wangekaa upande mmoja, ukuta ule mrefu unaotazama mlango: kijana mwisho kabisa dirishani, Mama kwenye kiti cha mlangoni, na katikati yao jirani yetu wa nyumba ya pili, dereva wa lori, mtu mpana kama kabati. Waliokaa safu moja hawatazamani. Wala hakuna aliyefichwa. Nyanya alizunguka, akaketi kila kiti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku yenyewe wageni waliingia, baba mzazi mbele, mchonga vinyago mwenye vidole vinene. Kijana alikuja wa mwisho. Kwa adabu zake, akaona si vizuri kuingia ndani sana kwa watu, akajikalia kwenye kiti cha karibu. Cha mlangoni. Kiti cha Mama.

Nyanya akashika kifua. Kumwamuru mgeni ainuke kungekuwa kumfukuza. Mama alikuwa nje anatoka jikoni na birika. Aliona magoti ya kijana kwenye kiti chake, akaganda. Baba mkubwa alianza kukohoa kikohozi cha mtu anayetaka kusema "nilisema."

Ndipo sauti ya Mama ikaingia kabla yake. "Wageni wetu, kabla ya chai tumshukuru Mungu. Tusimame wote, tufumbe macho."

Alisali akiwa nje. Akaombea safari yao, mvua ya Ukambani, wagonjwa, serikali. Mimi nilifumba jicho moja. Kwa jicho la pili nilimwona Nyanya akimshika kijana kiwiko na kumwongoza polepole, akimpitisha mbele ya dereva, hadi dirishani. Kijana alifuata kama kondoo, macho yamefumbwa kwelikweli. "Amina" iliposemwa, Mama alikuwa tayari mbele ya kiti chake.

Baba mzazi akafumbua macho, akamtafuta mwanawe, akampata dirishani. Akacheka hadi machozi. "Hii ni sala ya nguvu. Imehamisha mtu!"

Baadaye baba mkubwa alipotaja sebule yake kwa mkutano ujao, mzee yule aliweka kikombe chini. "Hapana. Hapa tumeketishwa na watu wanaojua kuketisha watu. Tutarudi hapa."

Na walirudi, hadi harusi.

Nyumba zile zimebomolewa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Ploti ile imetawanyika, na sijui siku hizi ni nani humwazima jirani kiti. Lakini Mama yupo, na Jumapili anakuja kuiona sebule yangu, pamoja na dada na mume wake.

Nilimwonyesha fundi ukuta mrefu. "Makochi yapange pale safu moja, yatazame mlango. Kiti kimoja kiache mwisho wa safu, hapa karibu na mlango, cha Mama."

"Na TV, Madam?"

"Itajitafutia mahali."