Mawe Matatu ya Kaburi la Mwarabu

Juzi mjukuu wangu Kamau alikuwa anakoroga chokaa nyuma ya nyumba, hapa Uthiru, apake ukuta wa choo. Ile harufu ilipoingia jikoni, nikaacha kuchambua maharagwe. Nikamwambia aifunike hiyo ndoo. Akaniuliza, "Shosho, chokaa imekukosea nini?" Nikamwambia amalize ukuta wake. Ninyi nitawaambia, kwa sababu mmekaa chini na hamna haraka.

Chokaa iliyolowa inanuka kama mji mmoja wa kale huko pwani. Ulikuwa mji wa Waarabu wa biashara, nao ulikufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Nilifika huko nikiwa na miaka minane, labda tisa. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapigania uhuru, na Mkikuyu hakutoka Nairobi bila karatasi. Baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja Kileleshwa, na ile kazi ndiyo iliyomweka nje ya kambi za kizuizini. Karatasi ya kazi ikipotea, anachukuliwa. Hata mimi nililijua hilo. Kila asubuhi alijigusa mfuko wa shati kabla ya kuvaa viatu.

Mama alikuwa huku Uthiru, ndani ya kijiji kilichozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa ncha, walikofungiwa watu baada ya nyumba zetu kubomolewa. Mimi nililala na Baba kwenye chumba cha boi, nyuma ya nyumba ya bwana. Jumapili moja mtu wa kwetu alikuja mlangoni, wakanong'ona na Baba. Tangu siku hiyo Baba alisema maneno ya kazi tu.

Wiki hiyohiyo bwana akataka kuwaonyesha wageni wake magofu ya mji ule. Baba aende apike, nami niende nioshe vikombe. Tulisafiri siku mbili nyuma ya lori, juu ya masanduku ya vyakula, kando ya madebe mawili ya maji. Maji yalibebwa kwa sababu visima vya huko vilikauka zamani. Wengine walisema ndicho kilichowahamisha wenyewe.

Nilitarajia mji. Nikakuta kuta bila paa, milango bila mbao, mizizi imeyakumbatia mawe mpaka yamepasuka. Mvua ilikuwa imenyesha, na chokaa kuukuu ilinuka kila upande. Katika kila chumba kulikuwa na kishubaka ukutani cha kuwekea taa, na ndani yake buibui. Niliokota kigae cha bakuli, cha buluu, laini kama kucha.

"Cha nani?" Baba akauliza.

"Cha Mama."

Akakitazama sana. "Kitunze," akasema, kisha akanituma mawe ya kuinjikia sufuria.

Mawe ya pale chini yalikuwa yamemumunyuka. Lakini nyuma ya ukuta nikaona mstari wa mawe mazuri, yamechongwa sawasawa. Niling'oa matatu, nikayabeba moja moja, nikijisifu moyoni. Baba akawasha moto bila kuyaangalia. Chai ilikuwa inakaribia kuchemka alipokuja mlinzi wa magofu, kijana mwembamba mwenye kofia nyeupe.

"Haya, watu wa bara," akasema. "Kwenu chai hupikiwa juu ya kaburi?"

"Kaburi gani?"

"Hilo ulilolitia moto. Mawe hayo yana mwenyewe. Nenda nyuma ya ukuta ukamtazame ulivyomwacha uchi."

"Ni mtoto alileta."

"Mtoto hajui, mzee. Wewe je?"

Baba hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alimwaga chai yote juu ya moto, akayatoa mawe, akaanza kuyasugua kwa mchanga. Masizi hayakutoka. Akafungua debe la maji, akachukua sabuni ya vyombo. Debe likaisha.

"Baba, hayo ni maji ya wageni."

"Lete lile lingine."

Aliyaosha mpaka yakawa meupe. Akayarudisha mahali pake, akapiga magoti, akashindilia udongo kwa kiganja. Kiganja kilikaa pale muda mrefu, hata baada ya udongo kushika.

Bwana akaja na wageni, jasho linawatiririka. Akapindua debe.

"Maji iko wapi?"

"Nimeoshea kaburi, bwana."

"Kaburi ya nani?"

"Simjui jina."

Mgeni mmoja akacheka. Bwana hakucheka. "Fika Nairobi, wewe kwisha kazi."

Kazi ikaisha na karatasi ikaisha. Wiki haikupita kabla Baba hajashikwa barabarani. Nilimwona amechuchumaa kwenye mstari wa wanaume, mikono kichwani, na hakugeuka. Alirudi baada ya miaka mitatu, meno ya mbele hana. Mimi nililelewa na shangazi, nikilala njaa siku nyingi, na sitawaficha: nilimchukia. Nilisema alimchagua Mwarabu aliyekufa akaniacha mimi niliye hai. Nilimpikia na kumfulia mpaka akafa, na sikuwahi kumuuliza neno.

Kwamba Mama alikufa nilijua; ni lini na alivyozikwa, Shangazi aliniambia baada ya mazishi ya Baba, nikiwa mama wa watoto wanne. Yule mtu wa Jumapili alileta habari kwamba Mama amekufa ndani ya kile kijiji, kwa homa na njaa, akatupwa shimoni pamoja na wengine, udongo ukasukumwa juu. Hakuwekewa hata jiwe. Baba aliomba siku moja tu aende akapaone. Bwana akamwambia haiwezekani, kuna safari ya pwani.

Sasa pale kwenye shimo pamejengwa nyumba za kupangisha. Watoto wanacheza, nguo zimeanikwa, na hakuna anayeweza kunionyesha ni wapi hasa. Kigae bado ninacho, nimekifunga kwenye ncha ya leso. Nimeenda nacho pale mara nyingi, nikasimama mpaka watu wakaniuliza ninamtafuta nani, nikarudi nacho nyumbani.