Sayari Bandia za Anko Nzivo

Majirani wa mtaa wa Komarock wanajua Wavinya anasomea nyota, basi humuuliza kama mvua itanyesha. Hucheka tu. Kazi yake hasa ni kutafuta sayari zinazozunguka nyota za mbali, kwenye picha zenyewe za darubini. Shida ni kwamba nyota huwaka mno. Sayari iliyo kando yake ni kama kimulimuli kando ya taa ya uwanja wa mpira. Mng'ao lazima ufutwe kwa kompyuta, na njia za kuufuta, yaani algoridhimu, ni nyingi.

Wavinya alikuwa akitengeneza yake mwaka mzima. Iliigeuza picha nusu mzunguko, kisha ikaitoa kwenye ile ya kwanza. Mng'ao wa nyota hufanana pande zote, kwa hiyo unafutika. Sayari iko upande mmoja, kwa hiyo inabaki. Ya Okumu, mwenzake chuoni, ililinganisha picha za saa mbalimbali: mbingu zikizunguka, sayari husogea, mng'ao hubaki palepale. Jumatatu mwalimu wao angechagua moja, na nyingine iwekwe kando.

Jumamosi akataka kuzipima. Hapo hutiwa sayari bandia kwenye picha, ionekane ni ipi itakayozigundua. Lakini utajifichiaje kitu mwenyewe? Akamwita mjomba wake Nzivo, mchongaji, aliyekuwa uani akimpiga twiga wa mbao msasa.

"Anko, gusa popote kwenye hizi picha. Programu itatia nukta. Usinionyeshe."

"Popote popote?"

"Popote."

Nzivo akapangusa vumbi la mbao, akagusa taratibu, kichwa kakipinda, kama mtu anayepachika macho ya kinyago.

Algoridhimu ya Okumu ikaziona karibu zote. Ya Wavinya, hata moja. Akamtumia Okumu matokeo; simu ikalia papo hapo.

"Niaje? Hiyo yako imelala ama?"

"Wacha hizo, Okumu."

Moyo ulimwuma. Lakini pia alishangaa. Kukosa chache, sawa. Kukosa zote? Akafungua picha za mjomba. Kila moja ilikuwa na nukta mbili, kulia na kushoto, sawa kwa sawa, nyota katikati.

"Anko, mbona mbili mbili?"

"Nani hununua twiga mmoja, mama? Ukiweka moja, picha inaegemea."

Wavinya akashika kichwa, kicheko kikamtoka. Picha ikigeuzwa, nukta ya kulia huangukia ya kushoto. Zinafutana!

Akamwomba arudie, moja moja. Nzivo akarudia huku akinung'unika kwamba kazi inaharibiwa. Safari hii ya Wavinya iliziona, hata zilizobanana na nyota, ambazo ya Okumu ilizimeza pamoja na mng'ao kwa kuwa husogea kidogo mno.

Akampigia simu. "Okumu, yako inakula za karibu."

"Na yako inakula mapacha."



Jumatatu wakapeleka majaribio yote mawili, lile la kwanza bila kulificha. Mwalimu akaichagua ya Okumu kwa anga pana mbali na nyota, akamwachia Wavinya ukanda mwembamba ulioshikana na nyota, mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameangalia bado.