Wimbo wa Kuiba Ulivyomwozesha Sauda kwa Dereva wa Lori

Jamani, haya mambo yananitia aibu mpaka leo, na kama si kwamba nusu ya Arua inayajua tayari ningenyamaza nayo, lakini afadhali myasikie kwangu kuliko kwa wale wanaoyaongezea chumvi (ingawa yenyewe yana chumvi ya kutosha).

Mimi napiga video za harusi. Nakaa mtaa wa Awindiri, nina kamera moja, kompyuta moja inayopata moto kama sigiri, na chaneli ya mtandaoni niliyoijenga kwa miaka mitatu, maana wateja wangu wote wananipatia huko. Sasa hiyo chaneli ilikuwa na maonyo mawili ya hakimiliki, kwa ajili ya nyimbo za watu nilizobandika huko nyuma nikidhani hakuna atakayejua, na mtandao ulishaniambia waziwazi kwamba onyo la tatu wanafuta kila kitu. Nilisoma, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Basi nikapata kazi ya harusi ya Sauda, binti wa Kinubi hapa mjini, anaolewa na Musa, mwalimu mpole ambaye hata kuku akikatiza njia anamsubiri apite. Alasiri kina mama wakapiga doluka, ile ngoma yao, wamejifunga gurbaba za rangi zote, wakaimba, wakazungusha mabega, nami nikawapiga video kwa raha zangu, kumbe kipaza sauti nilikisahau kwenye kanzu ya bwana harusi, na bwana harusi wakati huo yuko ndani anakula. Nilipofika nyumbani nikafungua kazi yangu: kina mama wanacheza, midomo inaimba, na kinachosikika ni Musa anatafuna pilau, na mjomba wake anauliza kama hiyo nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe.

Mtu mwenye akili angempigia Sauda akaungama. Mimi nikaingia mtandaoni, nikakuta doluka tamu ya kikundi cha kina mama wa Koboko, nikachomoa sauti yote, nikaiongeza kasi kidogo (eti mitambo isiitambue), nikaibandika kwenye video ya Sauda, nikaipandisha kwenye chaneli yangu, na chini nikaandika "haki zote ni za mwenye wimbo", kwa sababu niliamini maneno hayo yanasafisha kila kitu. Namba ya simu ya kuombea ruhusa ilikuwa palepale chini ya video yao, lakini niliona uvivu. Tena mimi ni Mlugbara wa Aroi, Kinubi changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo sikujua wanaimba nini wala sikujali, kwangu ngoma ilikuwa ngoma.

Nilichokuwa sijui ni kwamba doluka hutaja watu. Kila harusi wanaitungia maneno yake, huyu anasifiwa kwa jina, yule anasemwa kwa jina.

Asubuhi yake video imeshasambaa, Sauda akapiga simu, analia.

"Ramadhani ni nani?"

"Ramadhani gani, dada yangu?"

"Wewe ndio uniambie! Hii wimbo inasema mume yangu ni Ramadhani, iko naendesha lori kule mpaka ya Oraba, aache mwanamke yake ya mji ya Kaya arudi nyumbani! Mama ya Musa anataka kujua huyo mutu ametoka wapi!"

Kabla sijajibu ukaingia ujumbe wa mtandao: mwenye wimbo amelalamika, video imeondolewa, na chaneli yangu inafungwa baada ya siku saba, labda mlalamikaji mwenyewe afute malalamiko yake. Nililia, sifichi. Kisha nikaipiga ile namba niliyoionea uvivu, akapokea Hajati Zainabu, kiongozi wa kile kikundi, sauti yake ya upole kabisa.

"Kuja Koboko, mtoto yangu. Kuja na hiyo video."

Nilidhani nitamkuta peke yake. Nikakuta akika, sherehe ya mtoto mchanga, uwanja umejaa kina mama, na kwenye mkeka wa mbele ameketi mama yake Musa, kumbe ni ndugu yake Hajati.

"Cheza hiyo video," Hajati akasema. Nikaicheza. "Hii sauti ni ya nani?"

"Yenu, Hajati."

"Mbona sisi tunaimba kama watoto ya kuku?"

Uwanja ukacheka. Nikajitetea kwamba niliandika haki ni za mwenye wimbo.

"Ukikamata mbuzi yangu, uandike kwa shingo 'hii mbuzi ni ya Hajati', halafu uchinje, hiyo inaitwa nini?"

"Wizi, Hajati."

Hapo mama mmoja akasimama, mikono kiunoni: "Na Ramadhani ni mume ya mimi! Nani amemupa mutu ya Arua?" Mama yake Musa akashusha pumzi, Sauda akawa amepona. Lakini mama mkwe huyo akanigeukia: "Basi sauti ya harusi yetu iko wapi?" Nikalazimika kuwachezea ile sauti ya pilau, yote, na mbuzi wa mjomba, mpaka kina mama wakalala kwenye mikeka wakijifuta machozi.

Hajati akafuta malalamiko palepale kwenye simu yake. Nikainuka niage.

"Kaa kwanza. Tunataka kutunga wimbo juu ya wewe. Sisi hatuibi, tunaomba ruhusa. Unakubali?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nikasaini kwenye daftari, ngoma ikaanza.

Wimbo huo sasa unapigwa Koboko mpaka Arua, jina langu linatajwa mara tisa, nami nimeapa sitachukua tena hata sekunde moja ya sauti ya mtu bila kumpigia kwanza. Na nimeshika neno. Majuzi bibi harusi mmoja aliuchagua uwekwe kwenye video yake, nikampigia Hajati, nikaomba kwa heshima zote.

"Hapana, mtoto yangu," akasema. "Hiyo wimbo ni ya sisi."