Kinamasi cha Merle

Merle Trethowan ana miaka sabini na mitatu, na nyonga yake ya kushoto imekwisha kabisa. Kutoka jikoni kwake hadi kwenye sanduku la barua anapumzika mara mbili. Lakini mpandishe juu ya farasi, utaona mwanamke mwingine: mgongo umenyooka, matusi yamenoga, na anakuacha nyuma mlimani huku akikuuliza kama umelala. Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye ninayewapigilia farasi wake viatu, mwaka wa thelathini na moja sasa, na sijawahi kumaliza kazi bila kuambiwa nimeiharibu.

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, huwa namvua farasi wake kiatu kimoja kilicholika na kumpa Merle. Yeye hukipeleka juu, kwenye kibanda cha zamani cha wachunga ng'ombe, kilomita kumi na nne kutoka lango la hifadhi. Mwaka 1974, familia yake ilipokuwa bado inalisha ng'ombe huko, theluji ya ghafla iliwafungia kibandani yeye na mumewe, na mtoto wao, Alec, akafariki akiwa na wiki tatu. Mumewe alimzika nyuma ya kibanda, chini ya jiwe bapa. Hakuna msalaba wala jina, ila vile viatu vya farasi, kimoja kwa kila mwaka. Mumewe naye alishatangulia, kwa hiyo mahali pale tunapajua watu wawili tu, Merle na mimi.

Miaka minne iliyopita akaja Daktari Hollis, mtaalamu wa mimea, na wenzake wawili wenye malengelenge miguuni, wakitafuta mtu wa kuwabebea vifaa. Nilimwambia Merle awaache wahangaike.

"Acha roho mbaya, Clem," alinijibu. "Watu wamekuja kutazama majani, wewe unawaonea wivu?"

Akawabebea kwa farasi watatu, majira matatu ya kiangazi mfululizo. Akawaokea mkate kwenye majivu. Akawaonyesha chemchemi zote, na vinamasi ambavyo baba yake aliwakataza watoto wake kuvikanyaga, vyenye vyura wadogo wa mistari ya njano. Hollis alifurahi hadi akatokwa na machozi, na kile kinamasi kikubwa kuliko vyote akakiandika kwenye ramani kwa jina: Kinamasi cha Merle. Nakala ya ramani hiyo Merle aliitia fremu na kuitundika juu ya jiko. Nikawa namtania kwamba karibuni ataanza kuwadai vyura kodi.

Jumanne tuliacha lori langu karibu na lango, tukapanda kama kawaida, yeye juu ya Tinker, farasi wake mwekundu, mimi nyuma. Langoni tulikuta mnyororo mpya. Tamsin, askari wa hifadhi, binti tunayemfahamu tangu anazaliwa, alikuwa anafunga kibao kwa skrubu.

"Farasi hawaruhusiwi tena, Bi Merle. Tangu jana."

Merle akacheka. "Siku hizi unaanza kunywa asubuhi?"

"Sitanii, mama."

"Mpaka lini?"

"Moja kwa moja. Njia yote. Ila kwa miguu unaruhusiwa kupita."

"Kwa miguu! Binti, miguu yangu ndiyo hii." Akampiga Tinker begani.

Hapo nikapandwa na hasira. "Nani kasema farasi wa Merle wanaharibu mlima? Mlete hapa aniambie usoni!"

Tamsin hakubishana. Alinipa karatasi. Merle alikuwa ameacha miwani nyumbani, nikamsomea kwa sauti: kwato, udongo, vinamasi, utafiti wa miaka mitatu. Kisha nikakwama.

"Soma, wewe. Umemeza ulimi?"

"Eneo la kulindwa kuliko yote," nikasoma, "ni Kinamasi cha Merle."

Nilisubiri matusi. Hayakuja. Alishika nywele za shingo ya farasi kana kwamba ardhi imeondoka.

"Ni mimi," alisema. "Clem, ni mimi niliyewapeleka."

Nilirudia kuisoma karatasi ile mara mbili, nikitafuta mstari mmoja tu unaosema kwamba kinamasi kile kipo hadi leo kwa sababu ukoo mmoja ulikizunguka bila kukikanyaga kwa miaka themanini. Haukuwepo.

Tamsin alikiona kiatu kikichungulia kwenye mfuko wa tandiko. Si mtoto mbaya, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kama kuna kitu cha kupeleka juu, mama, nitakupelekea. Ijumaa napanda kwa miguu. Nionyeshe tu pa kukiweka."

Akakunjua ramani juu ya boneti ya gari lake. Ilikuwa ile ile ya Hollis. Merle akasogeza farasi, akainama. Kidole chake kilipanda na njia, kikapita chemchemi, kikapita kinamasi chenye jina lake, kikafika kwenye kibanda. Kikasimama. Katika mlima ule wote, pale nyuma ya kibanda ndipo mahali pekee ambapo hakuwahi kumwonyesha Hollis.

Akakikunja kidole.

"Hapana, mwanangu. Nimeshaonyesha vya kutosha."

Alikisukuma kiatu ndani ya mfuko, akaufunga, akavuta hatamu turudi. Tinker akakataa. Kila mwaka njia ni moja, na anaijua. Alisimama kifua kimegusa mnyororo, masikio yameelekea juu, na Merle alivuta, akabembeleza, akavuta tena. Mwisho ikabidi ateremke, akiniegemea begani, ndipo amwongoze kwa mkono.

Kutoka langoni hadi kwenye lori langu la farasi ni hatua arobaini. Alipumzika mara tatu.